Daktari Hansen na Daftari la Ukoma

Hakuna daktari duniani asiyelijua jina la Gerhard Armauer Hansen, ingawa hapa kwetu watu wachache hulitaja. Yeye ndiye aliyegundua kijidudu cha ukoma, ugonjwa ambao wazee wetu waliuogopa kuliko mengi. Nimeona vema niwasimulie wasomaji wa gazeti letu maisha yake, kwa kuwa ndani yake mna mafundisho mawili: moja la kufuata na moja la kuepuka.

Hansen alizaliwa tarehe 29 Julai, 1841, katika mji wa Bergen, pwani ya magharibi ya Norwei. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye watoto kumi na watano, na biashara yake ikaanguka. Kwa hiyo ilimpasa kijana huyu afanye kazi huku akisoma, ili ajilipie masomo yake. Mwaka 1866 akahitimu udaktari katika mji ambao leo huitwa Oslo. Akawatibu wavuvi wa visiwa vya Lofoten kwa muda, kisha mwaka 1868 akarudi Bergen kufanya kazi katika hospitali za ukoma.

Wakati huo Norwei ilikuwa na ukoma mwingi. Ugonjwa huu hauui upesi. Huanza kwa mabaka katika ngozi, halafu huharibu mishipa ya fahamu hata vidole na macho vikapotea, na mgonjwa hufa baada ya miaka mingi ya mateso. Mwaka 1856 Serikali ya nchi hiyo ilianzisha daftari la taifa la wagonjwa wa ukoma, daftari la kwanza la namna hiyo duniani kwa ugonjwa wo wote. Kila daktari wa wilaya alitakiwa kuandika jina la mgonjwa, mahali anapokaa, wakati alipoanza kuugua, na hatimaye siku ya kufa kwake. Mtu wa Lushoto anaweza kuifahamu taabu ya kazi hiyo akifikiri kwenda kwa miguu toka Soni mpaka Mlalo, na toka Mlalo mpaka Mtae, akiuliza habari za wagonjwa katika kila kitongoji. Maana watu wa Norwei nao waliishi wametawanyika milimani na kando ya maji. Hesabu ilipofanywa, walionekana wagonjwa karibu 3,000, katika nchi yenye watu wapatao milioni moja na nusu. Yaani katika kila watu 1,000, wawili hivi walikuwa na ukoma.

Mkubwa wa kazi pale Bergen alikuwa Daktari Danielssen, mtaalamu aliyesifika Ulaya nzima. Yeye aliamini kwamba ukoma hurithiwa katika ukoo. Hansen hakukubali. Alilisoma lile daftari, akalinganisha wilaya na wilaya, akaona kwamba ukoma ulipungua upesi zaidi pale ambapo wagonjwa wengi walitengwa hospitalini. Akasema moyoni kwamba huu ni ugonjwa wa kuambukiza. Tarehe 28 Februari, 1873, akitazama kwa hadubini ute uliotoka katika uvimbe wa mgonjwa, aliona vijidudu vidogo kama vijiti. Baadaye, mwaka 1888, alisafiri hadi Marekani kuwatafuta wazao wa wagonjwa wa Norwei waliohamia huko, asimwone hata mmoja miongoni mwao mwenye ukoma. Kama ungekuwa wa kurithi, ungalivuka bahari pamoja nao.

Mwaka ule ule wa 1873 ulikuwa wa furaha na msiba. Mwezi wa Januari alimwoa binti wa Danielssen, na mwezi wa Oktoba mke huyo akafa kwa kifua kikuu. Hata hivyo Hansen hakuiacha kazi.

Sasa nafika mahali pagumu. Ili athibitishe kwamba vile vijidudu ndivyo viletavyo ugonjwa, mwaka 1879 Hansen alimchoma jichoni mwanamke mmoja mgonjwa, kwa chombo chenye ute wa mgonjwa mwingine. Hakumwomba ruhusa, wala hakumweleza anachofanya. Mambo yakafika mahakamani, na mwaka 1880 Hansen akaondolewa katika kazi yake ya hospitali. Mimi naona hukumu ile ilikuwa ya haki. Mwanamke yule alikuwa maskini na mgonjwa, lakini jicho lilikuwa lake. Elimu haimpi mtu ruhusa ya kumfanya mwenzake chombo.

Hata hivyo aliachiwa cheo chake cha mganga mkuu wa ukoma wa nchi nzima. Sheria za mwaka 1877 na 1885, alizozipigania, ziliwatenga wagonjwa, na bila shaka nyumba nyingi zililia. Lakini hesabu ya daftari ikazidi kushuka: kufikia mwaka 1900 wagonjwa walikuwa wamepungua hata hawakuzidi 600. Hansen alifariki tarehe 12 Februari, 1912, katika mji wa Florø, akiwa safarini kwa kazi yake. Katika hospitali ya kale ya St. Jørgen pale Bergen, wagonjwa wa mwisho walikufa mwaka 1946.

Siku hizi hakuna haja ya kumtenga mgonjwa. Ziko dawa zinazoponya kabisa kwa miezi sita au kumi na miwili, nazo hutolewa bure. Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja katika watu 10,000. Lakini ukoma haujakwisha, na aibu ndiyo inayoulinda. Mtu akificha baka lake, haandikwi katika daftari lo lote, wala hapati dawa, mpaka vidole vimekwisha kupinda.

Basi wenzangu, na ninyi wazazi, mkiona baka lililofifia ambalo likiguswa mwenyewe hasikii, msimcheke mtu huyo wala msimkimbie. Mpelekeni zahanati mapema. Tujifunze kwa Hansen kumhesabu kila mgonjwa, hata aliye mbali kabisa juu ya mlima. Na kwa yule mwanamke tujifunze kwamba kila jina katika daftari ni la mtu, na mtu huulizwa kwanza.