Andrei Sakharov: Mtengeneza Bomu Aliyeuliza kwa Nini Tupo

Jina la Andrei Dmitrievich Sakharov hutajwa mara kwa mara panapojadiliwa haki za binadamu, na hutajwa kwa hofu panapojadiliwa historia ya silaha. Ni wasomaji wachache wa Kiswahili wanaolijua kwa sababu ya tatu, ambayo huenda ikadumu kuliko hizo mbili: makala mafupi ya mwaka wa 1967 ambamo alijaribu kueleza kwa nini ulimwengu una vitu ndani yake badala ya kuwa mwanga mtupu. Nia yetu hapa ni kumsawiri mtu huyo katika sura zake zote tatu, kwani kumtenga mwanasayansi na mpinzani wa dola ni kumpasua mtu mmoja vipande viwili.

Sakharov alizaliwa Moscow tarehe 21 Mei 1921. Babake alikuwa mwalimu wa fizikia na mwandishi wa vitabu vya somo hilo. Mwaka wa 1938 kijana alijiunga na Chuo Kikuu cha Moscow; vita vilipopamba moto, wanafunzi walihamishiwa Ashgabat, na huko ndiko alikohitimu mwaka wa 1942. Alipelekwa katika kiwanda cha risasi mjini Ulyanovsk, akabuni chombo cha kukagua ubora wa risasi. Mwaka uliofuata alimwoa Klavdia Vikhireva, na baadaye wakajaliwa watoto watatu. Mwaka wa 1945 alirudi Moscow kusoma chini ya Igor Tamm katika Taasisi ya Lebedev.

Mwaka wa 1948 Tamm aliagizwa kuunda kikundi cha kuchunguza uwezekano wa bomu la haidrojeni, naye Sakharov akatiwa humo. Hakuulizwa sana hiari yake. Hata hivyo, si haki kudai kwamba aliburutwa, maana aliamini, kama wenzake wengi, kuwa dola mbili zenye silaha sawa zingeogopana na hivyo vita vingeepukika. Wazo lake la kupanga tabaka za fueli nyepesi na urani, moja juu ya nyingine mithili ya keki, ndilo lililozaa bomu lililolipuliwa Semipalatinsk tarehe 12 Agosti 1953. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 32, alifanywa mwanachama kamili wa Akademia ya Sayansi. Kufikia mwaka wa 1962 alikuwa ametunukiwa mara tatu nishani ya Shujaa wa Kazi ya Kijamaa.

Jaribio lililomgeuza lilikuja tarehe 22 Novemba 1955. Bomu lilifaulu, lakini wimbi la mlipuko liliua askari mmoja na mtoto wa kike wa miaka miwili, mbali na kitovu. Tangu hapo alianza kupiga hesabu ya aina nyingine: ni watu wangapi, wasiojulikana majina, ambao wangeugua na kufa kwa sababu ya mnururisho unaosambazwa hewani na kila jaribio. Aliichapisha hoja hiyo mwaka wa 1958. Mwaka wa 1961 alimpinga Khrushchev ana kwa ana kuhusu kurejelewa kwa majaribio, akakemewa mbele ya watu. Na bado alishiriki katika kuunda lile bomu la takriban megatoni 50 lililolipuliwa Novaya Zemlya tarehe 30 Oktoba mwaka huo. Hapa msomaji ana haki ya kumhoji, nasi hatuoni sababu ya kumfichia aibu hii. Mchimba kisima huyu aliendelea kuchimba huku akiona kina chake. La kumtetea ni kwamba aliunga mkono kwa dhati wazo la kupiga marufuku majaribio ya hewani, majini na angani, na mkataba huo ulitiwa saini Moscow mwaka wa 1963.

Sasa tuyatazame yale makala ya 1967. Kila chembe ya mata ina pacha wake wa kinyume, mwenye uzito uleule ila chaji iliyogeuzwa. Mata ya mapacha hao huitwa antimata. Wawili hao wakikutana huangamizana na kugeuka nishati. Iwapo mwanzo wa ulimwengu ulizaa mata na antimata kwa kiasi sawa, basi vingeangamizana takriban vyote, na pasingebaki nyota, bahari wala msomaji wa jarida hili. Kumbe ilibaki ziada ndogo ya mata, yapata chembe moja kwa kila jozi bilioni. Ilitoka wapi?

Sakharov alisema masharti matatu yalihitajika. Kwanza, lazima pawe na njia ya chembe nzito kama protoni kuzuka au kutoweka bila pacha wake. Pili, sheria za maumbile zisiwatendee mapacha hao sawasawa. Tatu, ulimwengu uwe umepanuka na kupoa kwa kasi, usije ukapata nafasi ya kusawazisha tofauti hiyo. Sharti la pili ndilo wanafizikia waitalo uvunjaji wa ulinganifu wa CP: geuza chaji zote, kisha tazama tukio kama katika kioo, na utakachokiona hakilingani na asili. Kwa muda ilidhaniwa kwamba hilo haliwezekani. Ndipo mwaka wa 1964 James Cronin na Val Fitch, katika maabara ya Brookhaven nchini Marekani, walipoona kaoni zisizo na chaji zikioza kwa njia iliyokatazwa, mara mbili hivi katika kila elfu. Wengine waliona kasoro ya ajabu katika kona ya fizikia. Sakharov akaona humo chanzo cha kuwapo kwetu. Kwa miaka kumi hivi makala yake hayakushughulikiwa sana.

Mwaka wa 1968 insha yake kuhusu maendeleo, kuishi pamoja kwa amani na uhuru wa fikra ilivuka mipaka na kuchapishwa New York. Aliondolewa katika kazi za siri. Klavdia alifariki mwaka wa 1969, naye akamwoa Elena Bonner mwaka wa 1972. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1975 alinyimwa ruhusa ya kusafiri; Bonner aliipokea Oslo, na siku hiyo Sakharov alikuwa Vilnius, nje ya mahakama alimoshtakiwa rafiki yake Sergei Kovalev. Januari 1980, baada ya kulaani uvamizi wa Afghanistan, alikamatwa na kupelekwa Gorky, mji uliofungwa kwa wageni. Aliibiwa miswada ya kumbukumbu zake, akaiandika upya. Aligoma kula, akalishwa kwa nguvu. Taasisi ya Lebedev haikumfuta kazi, na wenzake waliruhusiwa kumtembelea kuzungumza fizikia. Desemba 1986 simu iliwekwa ghafla nyumbani mwake. Kesho yake Gorbachev akapiga kumwambia arudi Moscow. Alichaguliwa mbunge mwaka wa 1989, na tarehe 14 Desemba mwaka huo akafa.

Hakuwahi kuona sharti lake la pili likithibitishwa upya. Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa walikuwa wameonyesha mwaka wa 1973 kwamba uvunjaji huo ungeelezeka ikiwa kuna kwaki za aina sita, wakati ambapo tatu tu ndizo zilizojulikana. Kwaki ya tano iligunduliwa Fermilab mwaka wa 1977, nayo ndiyo iliyomo katika mesoni za B. Mwaka wa 2001 majaribio ya BaBar, California, na Belle, Japani, yalionyesha kuwa mesoni hizo na pacha zao huoza kwa namna tofauti. Na tofauti yenyewe haikuwa ya mbili kwa elfu tena, ilikuwa kubwa. Mwaka wa 2025 kikundi cha LHCb huko CERN kilitangaza tofauti kama hiyo katika chembe za ukoo wa protoni yenyewe.

Ila hesabu haijatimia. Uvunjaji wote uliopimwa ni mdogo mno kuzaa ziada ile iliyotuumba. Ndiyo maana mwaka wa 2025 CERN ilitoa ripoti ya upembuzi wa mtambo mpya wa kugonganisha chembe, wenye mzingo wa kilomita 91 hivi, ambao pamoja na mambo mengine ungezalisha mesoni za B kwa wingi. Nalo sharti la kwanza lina walinzi wake: chini ya mlima nchini Japani, tani 50,000 za maji zimekuwa zikiangaliwa tangu mwaka wa 1996. Hakuna protoni hata moja iliyothibitishwa kuoza.