Chico Mendes: Mgema mpira aliyeutetea msitu hadi kufa

MNAMO Desemba 22, 1988, mjini Xapuri, magharibi mwa Brazil, Francisco Alves Mendes Filho, maarufu kama Chico Mendes, alipigwa risasi alipofungua mlango wa nyuma wa nyumba yake akienda kuoga. Polisi wawili waliotwikwa jukumu la kumlinda walikuwemo humo nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka 44.

Mendes alizaliwa Desemba 15, 1944 katika jimbo la Acre, mwana wa mgema mpira. Alipofikisha miaka tisa, tayari alikuwa akifuatana na babake msituni kugema utomvu. Shule hazikuwepo, kwani matajiri waliomiliki misitu hawakutaka wagema wajue kupiga hesabu ya madeni waliyobambikwa. Alifunzwa kusoma na mtoro wa kisiasa, Euclides Távora, kwa kutumia magazeti makuukuu.

Katika msitu wa Amazon, mipira haioti kwa safu kama shambani. Humea mmoja mmoja kati ya mamia ya aina nyingine za miti, na hutawanyika hivyo kwa sababu ikisongamana huangamizwa na ugonjwa wa majani. Mgema huchanja gome bila kuua mti, na msimu wa mvua huokota njugu za Brazil. Riziki yake hutegemea msitu mzima.

Miaka ya 1970, serikali ya kijeshi iliwapa wawekezaji nafuu ya kodi ili wafungue ranchi za ng'ombe. Miti ilikatwa na kuchomwa. Ndege, wanyama na wadudu wakakosa makao. Rutuba ya udongo ilidumu kwa miaka michache tu, kisha wafugaji wakaukata msitu mwingine.

Wagema waliunda vyama vya wafanyakazi. Mwenzake Mendes, Wilson Pinheiro, aliuawa mwaka wa 1980, lakini mapambano hayakukoma. Wanaume, wanawake na watoto walijipanga mbele ya misumeno bila silaha, wakiwasihi vibarua waiweke chini.

Mnamo 1985, Mendes alishiriki kuanzisha Baraza la Kitaifa la Wagema Mpira, lililopendekeza misitu itengwe iwe mali ya umma huku wakazi wakiitumia bila kuiharibu. Mwaka wa 1987 alisafiri hadi Marekani kueleza madhara ya barabara iliyofadhiliwa kwa mikopo ya kimataifa, na mwaka huo huo akatuzwa na Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira, lenye makao yake Nairobi.

Mwaka wa 1988, wagema walimzuia mfugaji Darly Alves da Silva kufyeka msitu wa Cachoeira. Desemba 1990, Darly na mwanawe Darci walihukumiwa kifungo cha miaka 19 kila mmoja kwa mauaji ya Mendes.

Machi 1990, serikali ilitenga hifadhi yenye jina lake, yenye ukubwa wa takriban hekta 970,000. Hata hivyo, bei duni ya mpira imewasukuma baadhi ya wakazi wake kufuga ng'ombe, na miti imeendelea kukatwa ndani ya mipaka hiyo. Sheria iliulinda msitu kwenye ramani, lakini mgema asiyepata chakula kutokana na mti wake hatakosa kuuangalia kwa jicho la mwenye shoka.