Samuel Wanjiru: Pumzi ya Nyahururu iliyotikisa Beijing

Hebu panda matatu hapo Nakuru, upitie Subukia, ushukie Nyahururu. Umetoka mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, sasa uko karibu 2,300. Jaribu kukimbia mlima mmoja tu. Utahema hadi watoto wa shule wakucheke.

Kwa hewa hiyo nyepesi ndiko Samuel Kamau Wanjiru alizaliwa, Novemba 10, 1986.

Sasa, usifikirie mapafu hujijaza yenyewe. Amri hutoka kwa shina la ubongo, pale juu ya shingo, ikateremka kwa neva hadi kwa kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Kiwambo kikijikaza kinashuka, mbavu zinapanuka, hewa inaingia. Kaboni dayoksaidi ikizidi kwa damu, ubongo unaongeza kasi. Na oksijeni ikipungua, kama kule juu, kuna vipimo vidogo kwa mishipa ya shingo vinavyopeleka habari mbio. Unahema kabla hata hujafikiria. Ukiishi huko, mwili unaongeza chembe nyekundu za damu.

Lakini usidanganyike ati ni hewa tu. Nyahururu nzima inavuta hewa hiyo hiyo. Wanjiru alienda Japani mwaka wa 2002, akiwa na miaka 15, akasoma na kukimbia Sendai. Baadaye akawa chini ya kocha Koichi Morishita, mshindi wa fedha ya marathoni ya Olimpiki ya 1992. Huko alifunzwa kuvumilia. Akiwa na miaka 18 tayari alikuwa na rekodi ya dunia ya nusu marathoni, dakika 59:16. Mwaka wa 2007 akaishusha hadi 58:33.

Halafu ikaja Beijing, Agosti 24, 2008. Joto kali. Kwa joto kama hilo, wengi huanza polepole, na wana sababu. Kiwambo ni msuli, nacho huchoka. Kikichoka sana, neva hubana mishipa ya damu ya miguu ili kiwambo kipate damu yake. Yaani pumzi inaiba miguu!

Wanjiru hakungoja. Alienda kasi tangu mwanzo, akipunguza, akiongeza, wenzake wakibaki mmoja mmoja. Alimaliza kwa saa 2:06:32. Rekodi ya Olimpiki ya Carlos Lopes, 2:09:21 ya mwaka wa 1984, ikaanguka kwa karibu dakika tatu. Alikuwa na miaka 21, Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Rekodi yake ilidumu hadi 2024, Tamirat Tola alipoivunja Paris.

Mwaka wa 2009 akashinda London na Chicago, na 2010 Chicago tena. Lakini nje ya barabara maisha yalikuwa na msukosuko. Mei 15, 2011, alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu, akafa. Miaka 24 tu.

Ukilala usiku, shina la ubongo linakupumulia bila kuombwa. Mengine yote yanahitaji watu. Barabarani Wanjiru alijua lini aongeze na lini apunguze, na hata hivyo kocha alikuwepo. Kama una beshte anayepaa haraka, usimpigie makofi tu. Mpigie simu pia, umuulize analalaje.