Benjamin Franklin na Somo la Radi

Mwalimu atakayepangiwa Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, au shule yoyote ya uwanda wa Ufipa, hana budi kujiandaa kwa swali moja la wanafunzi: je, radi hutumwa na mtu? Kukataa tu hakutoshi. Ni afadhali kuwasimulia habari za mtu aliyelitafuta jibu kwa majaribio.

Benjamin Franklin alizaliwa Boston, Marekani, tarehe 17 Januari 1706. Baba yake alikuwa mtengeneza mishumaa. Aliacha shule akiwa na miaka 10, akajifunza kazi ya kupiga chapa. Mambo ya umeme aliyaanza akiwa na umri wa miaka 40 hivi, bila mwalimu, huko Philadelphia. Alisugua bomba la kioo, akahifadhi chaji katika chupa za Leyden. Mnamo Desemba 1750, akitaka kumwua batamzinga kwa chupa mbili kubwa, umeme ulimpiga mwenyewe, akapotewa na fahamu kwa muda.

Alipoona kuwa cheche na radi zinafanana kwa mwanga, mlio na kupenda metali, alipendekeza jaribio la fimbo ya chuma. Mei 1752 Wafaransa walilifanya huko Marly-la-Ville, wakapata cheche. Mwezi uliofuata Franklin alirusha kishada. Uzi uliolowa ulileta chaji kutoka mawinguni hadi kwenye ufunguo, naye alishika utepe mkavu wa hariri. Kishada hakikupigwa na radi. Kingalipigwa, huenda angalikufa. Mwaka 1753 Georg Richmann aliuawa huko St. Petersburg katika jaribio la namna hiyo.

Franklin alifariki tarehe 17 Aprili 1790. Kinga yake ya radi, yaani ncha ya chuma juu ya paa iliyounganishwa kwa waya hadi ardhini, ingali inatumika.

Darasani, jaribio la kishada lisimuliwe, lisirudiwe kamwe. Wala umeme wa nyumbani usichezewe. Chanuo la plastiki lililosuguliwa kwenye nywele kavu na kuvuta vipande vya karatasi latosha. Lifanywe kiangazi, kwani unyevu hupoteza chaji. Kisha wanafunzi wafundishwe kuondoka uwanjani na chini ya miti mara wasikiapo ngurumo.

Mtoto aliyeelewa kwamba radi hufuata njia ya chaji, wala si amri ya mtu, hatamnyoshea kidole jirani mkongwe siku ya msiba.