Rudahigwa na kitambulisho kilichohukumu watu

Itakumbukwa kwamba Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa alitawazwa Novemba 1931, baada ya Wabelgiji kumwondoa baba yake, Yuhi Musinga. Mimi huona kwamba utawala wake wote ulibanwa kati ya hadithi na hesabu.

Hadithi aliianzisha Mwingereza John Hanning Speke. Katika kitabu cha 1863 alidai kwamba watawala wa ukanda wetu wa maziwa walikuwa wageni kutoka upande wa Ethiopia, ingawa hakuwahi kukanyaga Rwanda. Wakoloni waliipokea kama ukweli. Hesabu ikafuata: sensa ya 1933 na 1934 iligawa watu kuwa Wahutu, Watutsi na Watwa, nacho kitambulisho kikaandikwa hivyo. Zamani mtu aliweza kubadili hali yake kwa mali. Sasa ikawa chapa ya kurithi kwa baba.

Mwaka 1954 Rudahigwa alifuta ubuhake, yaani utumishi kwa mwenye ng'ombe. Lakini shule na vyeo vilibaki kwa wachache. Ndiyo maana Ilani ya Wahutu ya Machi 1957 ilipinga kuondoa kabila kwenye vitambulisho, kwa hoja kwamba bila takwimu upendeleo usingeonekana. Mwaka 1958 mfalme na Baraza Kuu la Nchi wakataka maneno hayo yafutwe. Kwa maoni yangu, kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli: hesabu ilifichua dhuluma, na chapa ilikuwa hatari.

Rudahigwa alifariki ghafla Usumbura, Bujumbura ya leo, tarehe 25 Julai 1959. Maiti haikupasuliwa, na uvumi ukachukua nafasi ya ushahidi. Novemba ghasia zikazuka. Maelfu wakavuka mipaka, wakiwemo wazazi wa wengi wenu mliorejea.

Vitambulisho vilibaki. Jamhuri ilivitumia kugawa nafasi za shule na kazi kwa asilimia. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vilitumika kwenye vizuizi kuamua nani afe. Ndipo kabila likafutwa.

Ndugu mfanyabiashara, kitambulisho unachoonyesha leo Rusumo, Gatuna au Rubavu hakina mstari huo. Serikali bado inahitaji takwimu ili ijenge soko, shule na zahanati. Nasi tukihesabiwa, tuulize kwanza ni nani aliyepanga mafungu, na kwa kuamini hadithi gani.