Isaac Pitman, mwalimu aliyefundisha kazi kwa barua

Kila tunapozungumza hewani kuhusu watu wazima wanaojifunza kazi kupitia simu, ujumbe unaotujia mara nyingi ni huu: je, mtu ataiva kweli kikazi bila mwalimu kusimama mbele yake? Swali hilo ni la zamani kuliko simu na kuliko redio. Leo tunawasimulia maisha ya mtu aliyekutana nalo wakati teknolojia mpya ilikuwa barua ya bei nafuu.

Isaac Pitman alizaliwa tarehe 4 Januari 1813 katika mji wa Trowbridge, kusini magharibi mwa Uingereza. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na baba yake alifanya kazi katika kimoja. Watoto walikuwa kumi na mmoja. Isaac aliacha shule angali mdogo kwa sababu alikuwa akizirai darasani, chumba kimejaa watoto na hewa nzito. Akawa karani kiwandani. Siku ya kazi ilikuwa ndefu, kwa hiyo alizoea kuamka saa kumi alfajiri asome kabla ya kwenda kibaruani.

Hapo alipata tatizo ambalo wengi waliojisomea wenyewe watalitambua. Alijua maneno mengi kwa macho lakini hakujua yanavyotamkwa, kwani Kiingereza hakiandikwi kama kinavyosemwa. Ikabidi apitie kamusi ya matamshi neno kwa neno. Tunaona kwamba kazi yake yote ya baadaye ilianzia kwenye aibu hiyo ndogo ya kutamka neno vibaya mbele za watu.

Mwaka 1831 alipelekwa London kwa mafunzo ya ualimu ya miezi michache tu, kisha akaanza kufundisha. Mwaka 1836 alihamia Wotton-under-Edge, na mwaka uliofuata akafukuzwa. Kosa lake lilikuwa kujiunga na dhehebu lililofuata mafundisho ya Swedenborg, jambo ambalo wasimamizi wa shule hawakulivumilia. Alikuwa na mke, hana mshahara. Akafungua shule yake mwenyewe katika mji uleule.

Novemba 1837 alitoa kijitabu cha hatimkato, kikauzwa kwa peni nne. Hatimkato ni yale maandishi ya haraka ya mistari na nukta ambayo makatibu muhtasi walitumia kunasa maneno ya bosi au ya mkutano. Mifumo ya namna hiyo ilikuwapo tayari. Kipya kilikuwa kwamba Pitman aliandika sauti, si herufi. Sauti ya p na ya b zinatoka mdomoni kwa karibu namna moja, basi akazipa mstari mmoja: mwembamba kwa p, mnene kwa b. Vivyo hivyo kwa t na d. Mwanafunzi alisikiliza sauti, akachora.

Lakini nani angemfundisha kijana wa kiwandani hatimkato? Shule zilikuwa ghali, na kijana huyo alitoka kazini usiku.

Hapa inaingia posta. Zamani huko Uingereza aliyelipia barua kwa kawaida alikuwa mpokeaji, na bei ilipanda kadiri ya umbali na idadi ya karatasi. Kwa mfanyakazi wa kawaida, barua kutoka mbali ilikuwa gharama ya kufikiria mara mbili. Tarehe 10 Januari 1840 utaratibu ukabadilika: barua isiyozidi takriban gramu 14 iligharimu peni moja kwenda popote nchini. Pauni moja wakati huo ilikuwa na peni 240.

Pitman, ambaye sasa aliishi mji wa Bath, hakuchelewa. Mwaka huohuo aliusanifu upya mfumo wake hadi ukaenea kwenye karatasi moja, akaiuza kwa peni moja, nyepesi kiasi cha kuingia ndani ya bahasha. Halafu akatangaza kwamba anayetaka kufundishwa kwa posta atafundishwa bure, alipie barua tu. Mwanafunzi alinakili mistari kadhaa ya Biblia kwa hatimkato, akaacha nafasi kati ya mstari na mstari. Nafasi hiyo ilikuwa ya mwalimu. Karatasi ilirudi ikiwa imesahihishwa.

Hakuwa wa kwanza kufikiria masomo ya mbali. Gazeti moja la Boston lilikuwa na tangazo la masomo ya hatimkato kwa barua tangu 1728. Tunachomsifia Pitman ni ile nafasi kati ya mistari. Kutuma karatasi ni rahisi, kama ilivyo rahisi leo kutuma video kwa simu. Kusoma makosa ya mtu usiyemwona, mmoja mmoja, na kumrudishia, hapo ndipo jasho lilipo. Barua ziliongezeka hadi mtu mmoja asiziweze, na kufikia 1843 kulikuwa na chama cha wanafunzi waliokwisha kuiva, wakijitolea kusahihisha kazi za wapya.

Ndugu zake nao walizunguka miji wakifundisha. Benn alikwenda Marekani, na mwaka 1865 alisimamia uandishi wa kumbukumbu za kesi ya walioshtakiwa kula njama ya kumuua Rais Lincoln. Vijana waliojua hatimkato walipata kazi magazetini, mahakamani na katika ofisi za biashara. Baadaye, mashine ya kuchapa ilipoingia ofisini, wanawake wengi walipata mlango wa ajira kwa ujuzi huohuo.

Tusimpambe kupita kiasi. Pitman alikuwa mtu mgumu. Hakunywa pombe, hakuvuta tumbaku, hakula nyama, na alitaka wengine wamfuate. Kila mara aliurekebisha mfumo wake, na mtu aliyekwisha kuuzoea alilazimika kujifunza upya. Benn alichoka, akabaki na muundo wa zamani huko Marekani. Fedha nyingi pia alizimwaga katika kampeni ya kubadilisha tahajia ya Kiingereza iandikwe kama inavyotamkwa. Kampeni hiyo haikufika popote. Sisi tunaoandika Kiswahili kama tunavyokisema tunaweza kumwonea huruma kidogo.

Mke wake wa kwanza alifariki 1857, naye akaoa tena 1861. Wanawe wawili, Alfred na Ernest, waliingia katika biashara ya vitabu vyake mwaka 1886. Mwaka 1894 Malkia Victoria alimpa cheo cha heshima, akaitwa Sir Isaac. Alifariki Bath Januari 1897, akiwa na miaka 84.

Jina lake lilifika huku kwetu pamoja na vyuo vya uhazili. Ukimkuta mama mstaafu aliyekuwa katibu muhtasi, mpe kalamu na umwombe akuandikie p na b.