Archibald Garrod

Sir Archibald Edward Garrod (London, 25 Novemba 1857 – Cambridge, 28 Machi 1936) alikuwa daktari wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kueleza kuwa kemia ya mwili hutofautiana kati ya mtu na mtu, na kwamba tofauti hizo hurithiwa.

Baba yake, Alfred Baring Garrod, alikuwa daktari mashuhuri wa ugonjwa wa jongo. Archibald alisoma Oxford, kisha akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya St Bartholomew's, London.

Alivutiwa na ugonjwa adimu uitwao alkaptonuria, ambao mkojo wa mgonjwa hugeuka mweusi ukikaa hewani. Baadhi ya madaktari walidhani unaletwa na bakteria wa tumboni. Garrod alizichunguza familia zenyewe, akaona kuwa wazazi wa watoto hao mara nyingi walikuwa mabinamu. Kwa msaada wa mwanabiolojia William Bateson alihusisha jambo hilo na kanuni za urithi za Mendel. Katika makala yake ya mwaka 1902 aligusia pia, karibu kama kwa kupita, kwamba watu kuathiriwa na dawa kwa namna mbalimbali huenda kuna asili hiyohiyo. Kitabu chake cha mwaka 1909 hakikupata wasomaji wengi miongoni mwa madaktari.

Vita Kuu ya Kwanza ilimwachia msiba mkubwa: wawili kati ya wanawe watatu walikufa vitani, na wa tatu alikufa kwa homa ya mafua mwaka 1919, angali jeshini. Alibaki binti yake Dorothy, mwanaakiolojia, aliyekuja kuwa profesa wa kwanza mwanamke wa Cambridge. Garrod mwenyewe alikuwa profesa wa tiba Oxford kuanzia 1920.

Hoja yake ya dawa ilithibitishwa baada ya kifo chake. Mfano ni klopidogreli, dawa inayozuia chembe sahani za damu kushikamana, wanayopewa wagonjwa wa moyo na kiharusi. Ikimezwa haina nguvu mpaka ibadilishwe na vimeng'enya vya ini, hasa kile kiitwacho CYP2C19. Waliorithi jeni dhaifu za kimeng'enya hicho kutoka kwa wazazi wote wawili hupata kinga ndogo, hata wakimeza vidonge bila kukosa. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kuhusu hali hiyo liwekwe kwenye maelezo ya dawa.